Risasi California: wanaonuna dukani si wendawazimu

Ndugu Mhariri,

Tahariri yenu kuhusu sheria za risasi huku Marekani iliwaita wanaozipinga "wendawazimu wa bunduki". Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyechukua uraia wa huku. Naishi Fresno, California, na msimu wa tetere ukifunguliwa Septemba 1 huenda kuwinda na wenzangu. Nimo basi katika kundi hilo mlilolitukana, ingawa kuhusu sheria yenyewe sikubaliani nao kwa yote. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenu jinsi ugomvi huu unavyoonekana kwa mtu aliye kwenye foleni ya duka.

Kwanza hali ilivyo. Kwetu mtu hafikirii kununua risasi kabla polisi hawajamjua yeye na bunduki yake. Huku serikali kuu inamchunguza mnunuzi wa bunduki dukani, lakini risasi zenyewe, katika majimbo mengi, zinauzwa kama sukari. Sheria ya taifa inawakataza wahalifu na wengine waliopigwa marufuku, lakini dukani muuzaji hutakiwa kuangalia umri tu: miaka 18 kwa risasi za bunduki ndefu, 21 kwa za bastola. Mambo hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, Bunge la Marekani lilizuia risasi kutumwa kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo, na likawataka wauzaji waandike kitabuni jina la kila mnunuzi. Mwaka 1986 masharti hayo yakafutwa, na idara ya serikali iliyosimamia silaha yenyewe ilikiri kwamba vitabu vile havikuwa na msaada wa maana kwa polisi. Ungamo hilo wenzangu wanalikariri mpaka leo, na sheria yoyote mpya ikiletwa ndilo la kwanza kutajwa.

Julai 2012 kijana mmoja aliingia ukumbi wa sinema katika mji wa Aurora, Colorado, akaua watu 12. Risasi zake, maelfu kwa maelfu, alikuwa ameziagiza kwa intaneti, zikamfikia nyumbani na hakuna aliyemuuliza kitu. Desemba 2015 watu 14 wakauawa San Bernardino, hapa hapa California. Mwaka uliofuata Gavin Newsom, wakati huo Naibu Gavana, akaongoza kampeni ya kura ya maoni iliyoitwa Proposition 63, ya kudhibiti ununuzi wa risasi. Wapiga kura wapatao asilimia 63 wakaikubali. Nami nilikuwa mmoja wao, na sijutii.

Kuanzia Januari 2018 risasi zote zikawa lazima zipitie kwa muuzaji mwenye leseni, uso kwa uso. Ukiagiza kwa intaneti, mzigo unakwenda dukani kwake nawe unaufuata huko. Ukivuka kwenda Nevada ukanunua kwa bei nafuu, kurudi nazo bila kupitia kwa muuzaji ni kosa. Kisha, kuanzia Julai 1, 2019, kila ununuzi ukawa na uchunguzi wake. Si mara moja kwa mwaka, wala si mara moja kwa bunduki. Ukinunua pakiti leo unachunguzwa, na ukirudi kesho kwa pakiti nyingine unachunguzwa tena.

Mnajua watu walifanyaje miezi ile kabla ya Julai? Walinunua. Rafu zilibaki tupu, na magereji yakajaa masanduku ambayo nadhani mengine hayajafunguliwa hadi leo. Sheria iliyotungwa kupunguza risasi mikononi mwa watu ilianza kwa kuwafanya wazirundike. Wengine wakanunua mashine za kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, na wazee waliokuwa wamesahau ufundi huo wakapata wanafunzi ghafla.

Siku hiyo hiyo ya Julai 1, 2019 ndipo sheria nyingine ilipokamilika, ile iliyotiwa saini mwaka 2013 ya kukataza risasi zilizotengenezwa kwa madini yaitwayo risasi (lead) katika uwindaji wote wa California. Sababu yake ni kondori, ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi. Alikula mizoga yenye vipande vya madini hayo akafa kwa sumu, na mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu. Hii mimi naiunga mkono bila kusitasita, ijapokuwa marisau ya chuma ni ghali zaidi na hayaui mbali kama yale ya zamani. Lakini mwindaji wa kawaida alipokea sheria mbili siku moja, na tangu hapo kwake ni kitu kimoja: Sacramento, makao makuu ya jimbo, inamtaka aache kuwinda. Julai 2024 ukaongezeka ushuru wa jimbo wa asilimia 11 juu ya bunduki na risasi, fedha zake zikienda kwenye kuzuia vurugu na usalama wa shule. Serikali kuu nayo ina asilimia 11 yake juu ya risasi, ambayo chini ya sheria ya 1937 huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Huo wa pili wawindaji wanajivunia, kwa kuwa wanaona mbuga na mabwawa uliyoyalipia. Huo wa kwanza wanautukana, na mkiwasikia mtadhani ni ushuru wa kwanza duniani.

Sasa nije kwenye uchunguzi wenyewe, maana hapo ndipo tahariri yenu ilipopita haraka. Njia ya kawaida, iliyogharimu dola 1 ilipoanza, haikuchunguzi wewe kwanza. Inatazama kama umo katika daftari la jimbo la wenye bunduki, na kama jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani vinalingana na leseni yako ya udereva. Ukiwa umehama nyumba bila kurekebisha daftari, unakataliwa. Bunduki ndefu ndizo zenye kichekesho zaidi. Jimbo lilianza kutunza kumbukumbu za mauzo yake mwaka 2014 tu. Mzee aliyenunua bunduki yake ya marisau mwaka 1975, akaitunza vizuri, akawindia miaka yote kwa kibali halali, hayumo daftarini. Hana budi kupita njia ya pili, ya dola 19, yenye kungoja siku kadhaa, kwa ajili ya pakiti ambayo pengine haifiki bei hiyo.

Na sisi wahamiaji tuna letu. Leseni ya udereva isiyokidhi masharti ya serikali kuu haitoshi peke yake, sharti uongeze pasipoti au hati nyingine kama hiyo. Majina yetu matatu, la baba na la babu, yamekaa kwa mpangilio huu kwenye pasipoti na kwa mpangilio ule kwenye leseni. Mashine haijui desturi za Tanga. Inaona herufi hazilingani, basi.

Kesi ya kupinga sheria hii ilifunguliwa mwaka 2018, na mlalamikaji wa mbele ni Kim Rhode, mlenga shabaha aliyepata medali katika Olimpiki sita mfululizo, kuanzia Atlanta 1996 hadi Rio 2016. Mtu ambaye mazoezi yake ni mamia ya risasi kwa siku. Chama cha wenye bunduki cha California kilimchagua kwa akili, kwa kuwa ni vigumu kumwita mwendawazimu. Takwimu zilizofika mbele ya Jaji Roger Benitez, San Diego, zilionyesha kwamba katika miezi saba ya mwanzo watu zaidi ya 616,000 walipita njia ya kawaida, na zaidi ya 101,000 wakakataliwa. Waliobainika kuwa kweli wamepigwa marufuku kumiliki silaha walikuwa 188. Waliobaki walikwama kwa anwani, kwa jina, kwa kutokuwemo daftarini.

Aprili 2020 jaji huyo akaisimamisha sheria, na mahakama ya rufaa ikairudisha karibu papo hapo. Mwisho wa Januari 2024 akaifuta tena. Safari hii wauzaji wa majimbo mengine walituma mizigo California kwa siku chache, watu wakikesha kwenye kompyuta, hadi Februari 5 mlango ulipofungwa. Julai 2025 jopo la majaji watatu wa rufaa likamuunga mkono Benitez, wawili kwa mmoja, kwa hoja kwamba historia ya nchi hii haina mfano wa uchunguzi wa namna hiyo kwa kila ununuzi. Hata baada ya hukumu hiyo, kaunta ziliendelea kuchunguza kama kawaida. Mtu wa kawaida ameshachoka kufuatilia. Anauliza dukani tu: leo inaruhusiwa?

Wenzangu wakiisoma ile 188 hucheka. Hapo ndipo tunapoachana. Watu 188 waliokatazwa bunduki na bado wanakuja kununua risasi si jambo dogo, kwa sababu anayenunua risasi kwa kawaida ana bunduki ya kuzitia. Aidha, hesabu hiyo haiwezi kuwaonyesha wale ambao hawakuthubutu kufika kaunta. Nikisema hivyo kambini huambiwa nimeanza kuwa mwanasiasa, na kahawa inanipita.

Lakini nikiwauliza wangependa nini badala yake, hapo wao ndio hukwama. Illinois ina kadi ya mmiliki tangu 1968: unachunguzwa kabla ya kupewa, kisha ukiionyesha unauziwa risasi. New York, iliyoanza uchunguzi wa kila ununuzi Septemba 2023 kwa ada ya dola 2.50, ilipata malalamiko yale yale ya kucheleweshwa tuliyoyasikia huku. Mimi ningechukua kadi. Wao wanaikataa kwa sababu kadi ni orodha, na orodha, wanasema, ndiyo mwanzo wa kunyang'anywa. Wanasahau kwamba daftari la jimbo limekwisha kuwaandika, tena vibaya.

Kadi nayo si dawa. Februari 2019, mjini Aurora nyingine, ya Illinois, mtu aliua wafanyakazi wenzake watano kazini. Kadi yake ilikuwa imefutwa tangu 2014, ila bunduki hakuna aliyekwenda kuichukua. California ina orodha yake ya watu waliopoteza haki ya kumiliki silaha na ambao kumbukumbu zinaonyesha bado wanazo. Wamezidi 20,000, majina yao yanajulikana. Wapelelezi wanaotumwa kuwafuata ni wachache, na kazi hiyo haipigiwi debe wakati wa kampeni.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kura ile ya 2016 ikirudi kesho nitaipigia tena ndiyo, na wenzangu wataninunia msimu mzima. Ila nitataka daftari lisafishwe kwa gharama ya jimbo na si kwa dola 19 za mzee wa 1975, na kila mnunuzi aliyekataliwa kwa sababu ya marufuku afuatwe na askari wiki ile ile. Nanyi mkiandika tena juu yetu, ichapisheni 188 na ichapisheni 101,000 katika aya moja.

Msomaji wenu,
Fresno, California