Kejeli au Huruma? Barua Kuhusu Mwana Kupona

Mombasa

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo. Hoja yako kwamba Utendi wa Mwana Kupona ni kejeli tangu mwanzo hadi mwisho ilinikosesha usingizi, hata ikanibidi niufungue tena utendi wenyewe, shairi refu ambamo Mwana Kupona anamuusia bintiye namna ya kuishi na mumewe.

Ubeti unaouegemea naujua: "Mtunde kama kijana / asioyua kunena," yaani mtunze mumeo kama mtoto asiyejua kusema. Katika Kiamu, lahaja ya Lamu, kijana ni mtoto mdogo, kwa hiyo mume yule yule anayepaswa kutiiwa ndiye anayepapaswa na kupepewa alalapo, wala hana kauli, ilhali wino, karatasi na maneno yote yamo mikononi mwa wanawake wawili, mama na bintiye. Hapo kinaya kipo, tena kikubwa, na wataalamu waliokiona hawakukosea.

Lakini kinaya si kejeli. Kejeli humlenga mtu ili adharauliwe, na mimi kila nikisoma namtafuta huyo anayedharauliwa nisimwone. Msemaji ni mjane wa Bwana Mataka wa Siu, kisiwani Pate, na mnamo 1858, alipoutunga utendi huu, maradhi yalikuwa yamemshika kwa mwaka mzima. Anaanza kwa kumwita mwanawe: "Negema wangu binti," yaani sogea karibu nami. Anapoikumbuka ndoa yake anasema kwamba yeye na mumewe hawakuondoleana mbeko, na heshima hiyo ni ya pande mbili. Kisha huja dua ndefu kwa ajili ya watoto wake na afya yake. Ukishikilia kwamba utendi wote ni kejeli, dua hiyo utaiweka wapi?

Jambo ninalotaka sana ulifikirie ni hili: anayetaja mtoto asiyejua kunena ni mama mwenye mtoto wake mbele yake. Mfano huo ameutoa katika malezi aliyoyafanya mwenyewe, na kwa mama anayehofia kumwacha bintiye, sidhani kwamba kumfananisha mtu na mtoto kunaweza kuwa tusi. Hata kitenzi alichokichagua ni cha kutunza. Mtindo nao unakwenda na toni hiyo: mizani (silabi) nane katika kila kipande, vipande vitatu vyenye kina kimoja, na cha nne kikirudi ubeti baada ya ubeti kwenye kina kile kile cha mwisho, kama mtu anayeusia polepole kwa kuwa pumzi ni chache.

Nakuomba, kabla hujanijibu, uusome ubeti wa kwanza kwa sauti, uendelee bila kusita hadi ufike kwenye ubeti wako, kisha uniandikie ni neno gani hasa lililoifanya sauti yako igeuke kuwa ya dhihaka.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye