Chumvi ya makayabo haitoki kwa beseni moja

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi wa juma lililopita ulituelekeza tuloweke makayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, usiku kucha katika beseni kubwa la maji, asubuhi tupike. Mimi ninauza makayabo hapa Soko la Virunga, Goma, na tayari wateja wamekuja kunigombeza kwamba samaki wangu ni chumvi tupu. Naomba nafasi.

Usiku kucha si dawa. Chumvi hutoka penye nyingi kwenda penye kidogo. Maji ya nje yakifikia ukali wa yale yaliyomo ndani ya nyama, basi, imesimama hapo, hata mkimwacha samaki mpaka Jumapili. Kinachoitoa ni kubadilisha maji. Lakini wengi wetu tunanunua maji kwa bidoni, nani atakubali kumwaga beseni baada ya beseni? Basi fanyeni hesabu hii. Tuseme samaki amebeba lita moja ya maji ndani yake. Mkimtia katika lita tatu kwa mara moja, chumvi inaenea katika lita nne, naye anabaki na robo. Lita hizo hizo tatu zigawanyeni: tia moja, subiri, mwaga, tia ya pili, mwaga, tia ya tatu, mwaga. Anabaki na nusu, kisha robo, kisha nusu ya robo. Maji ni yaleyale, hela ni ileile. Mkateni vipande ili lita moja imfunike.

Halafu namna ya kumlaza. Ngozi iwe juu, nyama chini, na pindueni sahani ndogo chini yake asiguse kitako cha sufuria. Maji ya chumvi ni mazito, hushuka yakatulia, na samaki aliyelala chini kabisa analala ndani ya chumvi yake mwenyewe. Anayebisha alitazame Ziwa Kivu. Kina chake kinafika mita 485, na maji ya huko chini yana joto kuliko ya katikati, lakini hayapandi: chumvi na gesi ya kaboni iliyoyeyuka vimeyatia uzito. Jirani zetu wa Rwanda wanayapandisha kwa mabomba, na tangu 2016 gesi ya metani iliyomo inawapa umeme. Mimi sina bomba, nina sahani.

Kuchemsha mchuzi uliozidi chumvi hakusaidii, mvuke hupanda peke yake na chumvi hubaki. Kile kiazi mnachotumbukiza nacho kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake; unaobaki una ukali uleule. Ongezeni maji, au sombe, yaani majani ya muhogo, isiyotiwa chumvi.

Na yale maji ya kwanza msiyamwagie lenga-lenga, yaani mchicha. Jua litayakausha, chumvi itabaki kwenye udongo, na udongo wenyewe hapa Goma tunautafuta katikati ya mawe ya volkano.

Muuza makayabo,
Soko la Virunga, Goma