Hayo masaa manane ya bandarini hayapo, mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na mimi niseme langu kuhusu hizi makala za safari za meli za kitalii mnazotoa wikiendi. Nazisoma zote, na sina ugomvi na waandishi wenu, wanaandika vizuri tu, ila kuna kitu kinanikera kila mara. Makala inasema meli inafika saa mbili asubuhi inaondoka saa kumi jioni, halafu hapo hapo mwandishi anakupangia maporomoko ya maji, msitu, makumbusho, chakula cha mchana kwenye mgahawa wenye mandhari, soko, na kahawa ya kumalizia. Jamani! Hiyo ratiba ni ya mtu aliyelala mjini siku tatu, sio ya abiria ambaye meli yake inapiga honi.

Hebu tupige hesabu. Meli kufika saa mbili haimaanishi wewe unashuka saa mbili, maana kwanza lazima ifungwe kamba, wakubwa wa bandari na uhamiaji wa pale waridhike, ndo ngazi ifunguliwe, na hapo watu elfu mbili elfu tatu wote wanataka kutoka kwa mpigo, kwa hiyo ukikanyaga nchi kavu saa tatu kasorobo shukuru. Upande wa kurudi ndo balaa zaidi. Saa kumi ni saa ya meli kung'oa nanga, sio saa yako ya kurudi. Meli nyingi zinataka uwe ndani nusu saa kabla, nyingine saa nzima kabla, na mtu mwenye akili zake anajiachia tena saa nyingine ya akiba kwa ajili ya foleni, pancha, mvua na dereva anayesema "dakika tano tu". Umebakiwa na masaa matano na kitu. Toa sasa muda wa kwenda na kurudi huko msituni ndo uniambie hayo makumbusho unayaingiza wapi.

Na hapo nazungumzia bandari ambayo meli inafunga gatini kabisa. Zipo ambazo meli inatia nanga huko nje na watu mnashushwa kwa vijiboti, mnapewa namba, mnakaa ukumbini mnasubiri kuitwa. Santorini kule Ugiriki ni hivyo, halafu ukishafika ufukweni bado mji uko juu kabisa ya jabali, unapanda kwa vigari vya kebo au kwa ngazi karibu 600 za mawe, na jioni kila mtu anataka kushuka saa ile ile kwa hivyo foleni ya kebo inazunguka vichochoro. Kupanda kwenyewe ni dakika chache, kinachokula siku ni kusubiri. Makala inayoitaja Santorini bila kuigusa hiyo foleni inamdanganya msomaji, hata kama kila neno ndani yake ni la kweli.

Kuna hizi bandari zinazouzwa kwa jina la mji mwingine pia. Unaona kwenye tangazo "Roma", kumbe meli inafunga Civitavecchia, kilomita 70 na ushee kutoka Roma. Unaona "Paris", meli iko Le Havre, hapo unazungumzia karibu kilomita 200 kwenda tu. Mtu anayetaka kukaa chini ale kwa raha siku kama hiyo mi namshauri asiende huko mjini kabisa, abaki pale pale karibu na bahari, atembee ufukweni ale, arudi. Najua wengi hawatanisikiliza, haya.

Saa nayo ina mambo yake. Meli ina saa yake, na nahodha si lazima aibadilishe kila bandari. Mfano mzuri ni Cozumel, kisiwa cha Mexico. Tangu 2015 jimbo lile halisogezi saa kwa ajili ya kiangazi, wakati Florida, ambako meli nyingi za kule zinaanzia, wanasogeza. Kwa hiyo miezi ya kiangazi kisiwa kinakuwa nyuma ya Florida saa nzima. Meli ikibaki na saa ya Florida, simu yako ikashika mtandao wa kisiwani, inajirudisha yenyewe nyuma bila kukuuliza, wewe umekaa unatafuna unaona saa tisa, kumbe melini ni saa kumi na ngazi inavutwa. Dawa yake ni saa ya mkononi ya kizamani, unaiseti kwa saa ya meli huigusi tena hadi mwisho wa safari. Waandishi wenu waliandike hilo kwa herufi kubwa.

Sasa nije kwenye lenyewe, yaani chakula na matembezi ya porini siku moja. Mi ninavyoona inawezekana, ila kwa mpangilio mmoja tu: pori kwanza na la mbali kwanza, chakula mwisho na kiwe karibu na gati. Makala nyingi zinapanga kinyume, zinakuanzishia na mjini, mle, halafu mchana ndo mnaenda milimani, nadhani kwa sababu kwenye karatasi inapendeza. Ndege na wanyama wanaonekana zaidi asubuhi, jua likishakuwa kali kila kiumbe kinajificha kivulini isipokuwa watalii. Halafu cha pili ambacho kwangu ndo kikubwa, gari likiharibika huko mbali saa nne asubuhi unakosa chakula cha mchana, unarudi melini kwenye bufee uliyoshailipia, hujafa. Gari likiharibika saa tisa unakosa meli. Sasa wewe chagua ipi ni afadhali.

Kuna bandari ambazo zinakubembeleza kwa hili. Bergen kule Norwe, treni ndogo ya kupanda mlima Fløyen iko pale pale mjini, ipo tangu 1918, dakika chache uko juu mita 320, msitu unaanzia hapo hapo kituoni, unatembea unavyotaka, na ukiwa na miguu mizuri unashuka kwa miguu hadi soko la samaki. Siku nzima hujapanda teksi. Flåm, huko huko Norwe, meli inafunga kijijini kwenyewe na reli ya mlimani iko hatua chache, ila ni kilomita 20 na karibu saa nzima kwenda tu, kwa hiyo ukishaipanda ujue chakula chako ni cha pale pale gatini na kiwe cha haraka. Juneau ya Alaska, mto wa barafu wa Mendenhall uko kama kilomita 20 kutoka gatini, njia ya kwenda maporomoko ya Nugget ni tambarare, kama kilomita 3 kwenda na kurudi, mtu wa kawaida anaimaliza asubuhi na nafasi ya kukaa akaangalia barafu inabaki. Ila huko usibebe kiporo chako mfukoni, kwenye zile njia chakula hakiruhusiwi kwa sababu ya dubu, na dubu wapo kweli, wanafuata samoni kwenye kijito msimu wake. Kwa hiyo unakunywa chai nzito melini, unaenda, unarudi mjini na njaa ya halali.

Kubeba chakula kutoka melini watu wanalichukulia kirahisi mno. Unaona mama anaficha ndizi na mayai kwenye kibegi cha watoto, eti watakula huko njiani. Nchi nyingi haziruhusu matunda, nyama wala mboga kushuka kutoka melini, wanaogopa magonjwa ya mimea na wadudu, na Australia na New Zealand hawana mzaha, mbwa wa kunusa anakaa chini mbele ya begi lako na faini unapigwa papo hapo. Biskuti za pakiti mara nyingi hazina shida, ila uliza kwanza dawati la melini.

Mlima wenye kebo nao usiujengee siku nzima. Table Mountain ya Cape Town ina kebo tangu 1929 na kwa dakika tano uko juu, ila upepo ukikaza wanafunga, na tiketi uliyonunua mtandaoni haiwezi kuutuliza upepo. Kuwa na mpango wa pili ulio karibu zaidi na gati kuliko ule wa kwanza, sio ulio mbali zaidi. Na kama matembezi yako ni ya ufukweni, miambani au kwenye mikoko, angalia maji yanakupwa na kujaa saa ngapi tarehe hiyo hiyo ya meli, maana kila siku yanasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo picha nzuri aliyopiga mtu wiki iliyopita saa nne asubuhi, wewe saa nne hiyo hiyo unaweza kukuta bahari imefunika kila kitu.

Kwenye kula penyewe watu wanaumia bila sababu. Niliwahi kukaa meza ya jirani na wazee wawili mke na mume, vibandiko vya boti bado viko kifuani, wameagiza samaki mzima wa kuchoma na muda waliobakiza hata saa haifiki. Mhudumu akaleta mkate, akaleta zeituni, akapotea. Yule baba kila mlango wa jikoni ukifunguka anainuka kidogo kwenye kiti halafu anakaa tena. Samaki akaja mkubwa, mzuri, anatoa moshi, mama akamwangalia, akaangalia saa, wakala matonge mawili matatu wamesimama, samaki aliyebaki wakafungiwa kwenye foili. Nilivyokuja kuwaona tena ni kwenye ukaguzi wa kuingia melini, na foili ile iko juu ya meza ya mlinzi, maana meli nyingi hazikubali chakula kilichopikwa kuingia kutoka nje.

Hapo kosa sio la samaki wala la jikoni, samaki mzima anachukua muda wake. Ukikaa tu mwambie mhudumu una meli, muulize ni kipi kinatoka ndani ya robo saa, na bili iombe chakula kikifika mezani, sio ukimaliza. Halafu angalia jikoni linafunguliwa saa ngapi. Hispania na sehemu kubwa ya Italia ukifika saa tano na nusu unataka mlo kamili utakuta viti vimepinduliwa juu ya meza, watu wa kule saa saba ndo wanaanza kuufikiria mchana. Kwenye ratiba yetu ya kurudi mapema hiyo inabana kweli, na ndo maana nasema mgahawa uwe wa kutembea kwa miguu hadi gatini. Angalia pia siku hiyo kuna meli ngapi. Ratiba za bandari nyingi ziko wazi mtandaoni, unaona kabisa siku hiyo ni meli mbili au tano, na huko Juneau ilibidi kuanzia 2024 wakubaliane na makampuni meli kubwa zisizidi tano kwa siku, sasa piga picha migahawa ya pale saa sita mchana ilikuwaje.

Wako watakaosema basi si uchukue ziara ya meli yenyewe yaishe. Ni ghali na mnaenda kama msafara wa shule, ila zina faida moja, zikichelewa kwa kawaida meli inawasubiri. Ukijipangia mwenyewe haikusubiri. Machi 2024 abiria wanane waliotoka na ziara ya binafsi waliachwa São Tomé, kisiwa cha Afrika, walipelekwa kwa boti hadi ilipo meli ikiwa bado inaonekana na hawakuruhusiwa kupanda, wakakimbizana nayo nchi kavu na angani hadi Gambia, meli ikashindwa kufunga pale kwa sababu maji yamekupwa, wakaja kuipata Dakar, Senegali. Mi mwenyewe najipangia na nitaendelea, ila pasipoti, kadi na dawa za kila siku natembea nazo, siziachi kabatini.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo, mhariri. Kila makala ya bandari iwe na mistari mitatu tu juu kabisa: meli inafunga gatini au watu wanashushwa kwa vijiboti, ni kilomita ngapi kutoka gatini hadi hicho mnachokisifia, na mwandishi mwenyewe alitoka saa ngapi akarudi saa ngapi. Picha za machweo mnaweza kupunguza, machweo wengi wetu tunayaangalia tukiwa tumeshaingia melini. Na yule wa kwenye safu ya mapishi akienda safari ijayo mwambieni anapotusifia mgahawa aandike pia chakula kilichukua dakika ngapi kufika mezani.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa kila wikiendi