Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Mwanza, tukiwakumbuka waliotangulia

Shikamooni wazee wetu. Rika letu na wadogo zetu, mwangaluka.

Kwa niaba ya wote tunaosimama pembeni mwa mstari, Nyamagana, Kirumba na kwenye viwanja vya vumbi vya Igoma na Buhongwa, tunawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya 2026. Mungu ametuvusha. Ametuvusha na bei za sokoni, maana mchele umepanda, sato wa kujaza sahani amekuwa wa kuangaliwa tu, na mzazi mwenye watoto wa kurudi shule Januari ameanza kupiga hesabu tangu sasa. Ametupa na furaha pia. Septemba, Alphonce Simbu alituletea dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo, na sikukuu hii Taifa Stars wako Morocco kwenye AFCON. Tarehe 27 wanakutana na Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Mabanda yatajaa.

Lakini Desemba ni mwezi wa kuwahesabu waliopungua. Mwaka huu ulimwengu wa mpira ulimzika Diogo Jota na mdogo wake André Silva, waliofariki 3 Julai kwa ajali ya gari huko Zamora, Hispania. Februari ya mwaka jana Kelvin Kiptum alifia barabarani karibu na Kaptagat, Kenya, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, miezi minne tu baada ya kukimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Wa nyumbani nao hatujawasahau. Ruge Mutahaba, kiongozi wa Clouds Media, tulimpumzisha Bukoba 4 Machi 2019, na siku tatu baadaye mtangazaji Ephraim Kibonde, aliyekuwa kwenye mazishi hayo, akafariki hapa hapa Mwanza. Mwigizaji Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, aliondoka Aprili 2012. Alikuwa na miaka 28, na Jota naye 28. Wapo wengi zaidi, na kila nyumba ina wake. Mungu awape pumziko la milele, na Waislamu wenzetu tunasema nao: inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jina moja huwa linakwama kooni kila Desemba. Ismail Khalfan wa Mbao FC, timu ya vijana, miaka 19. Tarehe 4 Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, mechi ya ligi ya vijana dhidi ya Mwadui. Alifunga bao, akaanguka muda mfupi baadaye, hakuinuka tena. Miaka tisa imepita na bado ni vigumu kuliandika jina lake bila kuiweka kalamu chini kwanza. Kumtaja hapa si kumhukumu yeyote aliyekuwepo siku ile. Tunamtaja kwa sababu keshokutwa, Boksing Dei, kanda nzima ya ziwa itakuwa na mabonanza, maveterani kwa vijana, mbuzi amefungwa pembeni akisubiri bingwa, na viwanja vingi havitakuwa na mtu hata mmoja anayejua la kufanya mchezaji akianguka.

Basi tuambiane. Mchezaji akianguka peke yake, bila kuguswa na mtu, chukulieni ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Mpigepige mabegani, muite kwa nguvu. Hajibu? Tazama kifua chake kwa sekunde zisizozidi kumi. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kutetemeka viungo kwa sekunde chache za mwanzo, watu wakapiga kelele "kifafa hicho!" na kurudi nyuma. Anaweza pia kufungua mdomo na kuvuta hewa kwa mkoromo, mara moja, kisha kimya, kisha tena, kama sato aliyetupwa kwenye mchanga wa mwalo. Huko si kupumua. Ukisubiri kuona kama "atazinduka", unampoteza.

Mlaze chali palepale, kwenye ardhi ngumu. Piga magoti ubavuni mwake. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya ule mfupa wa kati, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega yako yakiwa juu ya mikono yako. Kandamiza kwa uzito wa mwili, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kwa kila sekunde. Hesabu kwa sauti. Aliyefundishwa kupuliza hewa atapuliza mara mbili baada ya kila 30. Ambaye hakufundishwa asijaribu, aendelee tu na kifua. Kila baada ya dakika mbili mpokezane, hata kama anayekandamiza anasema hajachoka. Mikono ikichoka hukandamiza kwa juu juu na mwenyewe hajui. Msiache mpaka apumue kawaida, ajitikise, au mtaalamu achukue nafasi.

Mbavu zinaweza kulia. Endeleeni. Ubavu huungwa.

Makosa yanayorudiwa kwenye viwanja vyetu tunayajua wote: kumwagia maji, kumnusisha kitunguu, kumzunguka watu hamsini, kuchokonoa meno kwa kijiko eti amemeza ulimi. Ulimi haumezwi. Hulegea na kuangukia nyuma, ukaziba njia ya hewa, na dawa yake ni kuinamisha kichwa nyuma taratibu na kuinua kidevu. Kama amegongana na mwenzake, shingo huenda imeumia, kwa hiyo mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, na kidevu kiinuliwe kidogo tu. Kosa kubwa kuliko yote ni lile linaloonekana kama upendo, yaani kumbeba mbio na kumtupa nyuma ya gari. Tangu anapoinuliwa hadi gari linapochomoka kwenye foleni ya mjini, hakuna aliyekandamiza kifua. Bila kukandamizwa wala kushtuliwa moyo, kila dakika nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Fanyeni hesabu wenyewe kutoka Buhongwa hadi hospitali ya Bugando. Gari liitwe, ndiyo, tena mara moja, lakini mikono isitoke kifuani wakati linasubiriwa.

Christian Eriksen alianguka Copenhagen 12 Juni 2021, katikati ya mechi ya Denmark na Finland. Nahodha wake Simon Kjær alimfikia upesi, waganga wakaanza kifua palepale kwenye nyasi, wakamshtua moyo kwa mashine, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena ligi ya Uingereza. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon Juni 2003 na hakurudi. Kati ya miaka hiyo mpira ulijifunza. Mashine ya kushtua moyo yenyewe si ya kuogopa, maana inaongea na kukuelekeza. Mkipata ya kuazima, kausheni kifua kwa taulo kwanza, kwa maana Desemba yetu ni ya mvua. Kipande kimoja kinabandikwa chini ya mtulinga wa kulia, cha pili ubavuni kushoto chini ya kwapa, na asiguse mtu wakati inashtua. Baada ya hapo, kifua tena.

Waandaaji wa mabonanza, hili ni lenu. Kabla ya kununua mbuzi, ambaye naye bei yake mwaka huu haisemeki, nunueni mkasi wa kukatia jezi, glavu, bandeji, taulo na kipimo cha presha. Azimeni machela. Mteueni mtu mmoja mwenye gari, lielekee njia ya kutokea, ufunguo ujulikane uko kwa nani. Wachezaji wapashe misuli dakika 15 hadi 20, hasa maveterani ambao mara ya mwisho kukimbia ilikuwa bonanza la mwaka jana. Mwenye homa asicheze hata kama ndiye golikipa pekee, kwa sababu baadhi ya maambukizi yanayoleta homa huvimbisha msuli wa moyo, na moyo uliovimba ukisukumwa mbio unaweza kukosea mapigo na kusimama. Aliyewahi kuzimia akiwa anakimbia, anayebanwa kifua akipanda mlima, au ambaye ndugu yake wa damu alikufa ghafla akiwa kijana, huyo aende akapimwe moyo kwanza.

Kwa Kibonde lilitajwa shinikizo la damu. Msiba na sherehe vyote vina tabia moja, humsahaulisha mtu dawa. Unasafiri usiku, unakula saa nane, unasimama kutwa, vidonge vimebaki kwenye begi. Wenye presha, bebeni dawa za siku zote za safari na tatu za ziada, kwenye mkoba wa mkononi. Mkipima, kaeni dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono umelala usawa wa moyo, na kahawa iwe imepita nusu saa. Pimeni mara mbili. Ikifika 140 kwa 90 na kurudia siku nyingine, muoneni daktari, na msiache dawa kwa sababu mnajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa hizo.

Barabara nayo. Uchunguzi wa awali kule Hispania ulisema tairi la gari la Jota lilipasuka wakati wa kulipita gari jingine. Sisi nasi ajali za gari zilituchukulia mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979 na mchekeshaji Sharo Milionea mwaka 2012. Tangu Juni daraja la Kigongo hadi Busisi liko wazi, hakuna tena kusubiri kivuko, na mguu unashawishika kukanyaga. Soma ubavu wa tairi: tarakimu nne za mwisho za msimbo, mathalani 2317, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo msiende nalo Bukoba, hata kama meno yanaonekana mapya. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kupunguza upepo "lisipasuke kwa joto" ni kinyume kabisa, kwa sababu tairi legevu hujikunja kila mzunguko, na huko kujikunja ndiko kunakolichemsha. Likipasuka, usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue lenyewe, ndipo utoke pembeni.

Ndugu zetu, picha za mshumaa kwenye status ni nzuri, na dakika moja ya kusimama kimya kabla ya filimbi ni heshima. Tuzidi hapo. Dakika moja ya kimya ikiisha, chukueni dakika nyingine kumi, mwiteni muuguzi wa mtaani kwenu, awafundishe wachezaji wa timu zote mbili kukandamiza kifua kwenye mto au gunia la pumba. Vijana wa Pamba na wa Toto, wana Kawekamo na wana Kishamapanda, hili halina upinzani. Viongozi wa dini mliozoea kufungua mabonanza kwa sala, tunaomba mkishasema amina muulize mbele ya watu: machela iko wapi, na nani anajua kuitumia?

Tunawatakia sikukuu ya amani na safari njema kwa walio njiani. Wagonjwa walioko Bugando na Sekou Toure wapone, wafiwa wafarijiwe, watoto wale washibe, Stars washinde tarehe 27. Familia ya Ismail, popote mlipo, tunawaombea Desemba nyepesi.

Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri. Wabeja sana.