Swali la Talaka Katika Mathayo 19 na Mabishano ya Marabi

Ndugu yangu Mwalimu,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Barua yako imenifikia, na swali lako, kama ni Yesu aliyechota kwa marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, au ni marabi waliochota kwa Wakristo, sijaacha kulitafakari tangu niliposoma. Naona lina kasoro moja: wote walikuwa wakichota katika kisima kile kile cha Torati, na mara nyingi tunachokisoma katika Injili ni mabishano ya watu wa nyumba moja.

Chukua Mathayo 19:3, Mafarisayo wanapomuuliza Yesu kama ni halali mtu kumwacha mkewe "kwa kila sababu". Kwa miaka mingi nililipita neno hilo bila kulijali. Kisha nikasoma Mishna, ule mkusanyo wa mapokeo ya sheria uliokamilishwa Galilaya karibu na mwaka 200 chini ya Rabi Yehuda ha-Nasi, na katika sehemu yake iitwayo Gittin, inayohusu hati za talaka, nikakuta shule za Shammai na Hillel, walimu wawili wa Kiyahudi waliotangulia kidogo wakati wa Yesu, zikigombania maneno mawili tu ya Kiebrania katika Kumbukumbu la Torati 24:1, ervat davar, yanayotaja sababu ya mume kumwacha mkewe. Shammai alisisitiza neno la kwanza, lenye maana ya uchi au aibu, akafundisha kwamba mke haachwi ila kwa uasherati. Watu wa Hillel walilikazia la pili, lenye maana ya jambo, wakaruhusu talaka hata kama mke ameharibu chakula cha mumewe. Rabi Akiva, aliyekuja baadaye, alifika hata kusema kwamba yatosha mume kumwona mwingine aliye mzuri zaidi.

Kumbe basi Yesu alikuwa akiulizwa yuko upande gani! Jibu lake katika Mathayo, kwamba mke haachwi isipokuwa kwa uasherati, linakaribiana na la Shammai, ingawa yeye anazipita shule zote mbili na kurudi kwenye Mwanzo, mahali ambapo Mungu aliwaumba mume na mke. Na Marko 10 haitaji hata ile ruhusa ya uasherati.

Lakini usidhani kwamba daima alielekea kwa Shammai. Kuhusu Sabato kuna maneno ya Rabi Shimon ben Menasya, kwamba Sabato imekabidhiwa kwenu, wala si ninyi mliokabidhiwa kwa Sabato, na wewe unaijua Marko 2:27 kwa moyo, kwamba Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya Sabato. Vilevile Mishna, katika sehemu yake iitwayo Yoma, yafundisha kwamba Siku ya Upatanisho haiondoi kosa alilomkosea mtu mwenzake mpaka ampatanishe kwanza, jambo ambalo Mathayo 5:23-24 yalisema juu ya sadaka iliyoachwa mbele ya madhabahu.

Nakuomba tahadhari moja. Mishna iliandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, kwa hiyo tusiichukue kama shahidi aliyesimama kando ya Yesu. Thamani yake ni kutuonyesha maswali yaliyokuwa yakiwasha watu wale.

Nasikitika kwamba niliwahi kuwafundisha vijana kuwa Mafarisayo wote walikuwa wanafiki. Somo lile nitalirudia Jumapili ijayo, nikianza na Gittin 9:10. Nitumie maoni yako kabla ya siku hiyo.

Wako katika upendo,
Rafiki yako