Barua ya malalamiko: Nililipia maelezo ya majibu ya LSAT, nikapewa herufi

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Salaam.

YAH: MAELEZO YA MAJIBU YA MITIHANI YA MAZOEZI YA LSAT

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, naishi Columbus, Ohio, na najiandaa kufanya LSAT, mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea sheria hapa Marekani. Nilinunua kifurushi chenu cha mwaka mzima baada ya kuona tangazo lenu la Kiswahili, mlilotuelekezea sisi Waafrika Mashariki tulioko huku, likiahidi maelezo kamili ya kila swali.

Nianze na namba. Agosti 2024 LSAC, taasisi inayoandaa mtihani huu, iliondoa sehemu ya mafumbo ya mantiki. Sasa alama zinatokana na sehemu mbili za hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35, na ipo sehemu ya nne isiyohesabiwa. Mitihani ya mazoezi nayo ikapangwa upya na kupewa namba kuanzia 101 hadi 158. Nyie bado mko kwenye namba za zamani. Na kwa kuwa mtihani mmoja mpya unaweza kuwa umechanganya sehemu za mitihani tofauti ya zamani, hakuna hesabu ya mkato ya kunifikisha kwenye ukurasa sahihi. Kwenye LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC yenyewe, naulizwa swali la 17 kuhusu viumbe wa baharini. Nikifungua la 17 kwenu, nakuta kodi za nyumba. Nimebaki kutafuta kwa kubahatisha maneno, usiku, baada ya kazi. Wakati huohuo video za mafumbo yaliyokwisha kufutwa bado mnazihesabu kwenye tangazo kama sehemu ya mali ninayonunua.

Hilo la mpangilio linarekebishika. Linaloniudhi zaidi ni maelezo yenyewe pale ninapoyapata.

Maswali ni mali ya LSAC, kwa hiyo siyanukuu hapa. Natoa mfano wangu. Hoja inasema: kila hakimu wa mahakama fulani lazima awe amewahi kuwa wakili, Asha amewahi kuwa wakili, kwa hiyo Asha anafaa kuwa hakimu wa mahakama hiyo. Unaulizwa hoja ina kasoro gani. Chaguo B linasema imechukua sharti la lazima ikalifanya linatosha peke yake. Chaguo D linasema imechukua jambo linalotosha ikalifanya la lazima. Anayekosa swali la namna hii mara nyingi anaangukia D, maana maneno ni yaleyale, yamegeuzwa tu. Sasa maelezo yenu kwa maswali ya aina hii huwa hivi: "B ni sahihi kwa sababu inaeleza kasoro ya hoja. Machaguo mengine hayaielezi." Basi. Mmenirudishia swali langu mkaliita jibu. D haikuguswa hata kwa sentensi moja, na D ndiyo iliyonileta kwenu.

Kuna chaguo jingine mmelikataa kwa maneno mawili, "nje ya mada". Swali lilitaka dhana ambayo hoja haiwezi kusimama bila yake. Mwalimu yeyote wa mtihani huu angemwambia mwanafunzi alikanushe chaguo hilo aone kama hoja inaanguka. Kwenu njia hiyo haipo popote katika maswali niliyopitia.

Najua hamruhusiwi kuchapisha maswali bila leseni ya LSAC, na hilo sina ugomvi nalo. Maswali nayapata LawHub kwa malipo ya mwaka, na herufi ya jibu sahihi naiona hukohuko. Kwenu nilinunua kitu kimoja tu: sababu. Mkiiondoa hiyo, sioni mmeniuzia nini.

Niliwaandikia kupitia fomu yenu. Nikajibiwa kwamba maoni yangu yanathaminiwa, na tiketi ya malalamiko yangu ikafungwa siku hiyohiyo kabla sijajibu. (Aliyeifunga, kama ni mtu, hakuisoma.)

Naomba mniwekee jedwali linalooanisha namba za zamani na mpya, sehemu kwa sehemu, na mseme kwa maandishi lini maswali ya hoja yatakuwa na maelezo ya machaguo yote matano. Kama hamwezi kufanya hivyo kabla ya mtihani wa Juni, nirudishieni fedha za miezi iliyobaki kwenye kadi ileile niliyolipia. Sitaki salio la kununulia kozi nyingine kwenu.

Nimeambatanisha risiti, picha za skrini za maelezo ninayoyalalamikia, na nakala ya tiketi iliyofungwa. Majibu nitumieni kwa barua pepe niliyojiandikishia, yakiwa na jina la mfanyakazi ninayeweza kumrudia.

Wenu,
Mteja wa kifurushi cha mwaka
Columbus, Ohio