Mtoto ahojiwe kwa lugha ya nyumbani

Mhariri,

Mtoto wa Kwimba au Ukara, huku Mwanza, anapofikishwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, aulizwe kwanza nyumbani kwao wanaongea lugha gani. Kiswahili cha mtoto wa miaka mitano kinatosha kununulia sukari dukani. Kueleza alichofanyiwa gizani ni jambo jingine.

Mkalimani asiwe mama, shangazi wala jirani. Ndugu hulainisha maneno, na pengine ndiye anayemficha mtuhumiwa. Atafutwe mtu baki, aambiwe mapema kwamba hatakiwi kuongeza wala kusafisha. Mtoto akisema "alinifanyia tabia mbaya", mkalimani asijaze maana yake mwenyewe. Mtoto aulizwe tabia hiyo ni ipi, na majina anayoyatumia kwa viungo vya mwili yaandikwe kwa lugha ileile, tafsiri ikifuata pembeni.

Mtego mbaya kuliko yote ni swali la kukanusha. "Hakukugusa?" Mtoto akijibu "ndiyo", amekubali kwamba hakuguswa, au anasema aliguswa? Jalada la kesi huharibika hapo hapo. Semeni tu, "Niambie kilichotokea," kisha mnyamaze, hata kama kimya kinawakera.

Halafu "baba" anaweza kuwa baba mdogo au wa kambo, na "alinishika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Ulizeni jina lake na anapolala.

Mkalimani akikosekana kituoni, apigiwe aliye mbali na simu iwekwe spika. Ni afadhali kuliko jirani.

Wadau wa ulinzi wa mtoto,
Mwanza